Makato ya kadi ukilipa kodi ya IRS, tusidanganyane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji wa Dallas aliyeandika humu kwamba ukiwa umejiajiri hapa Marekani, hela yote unayokatwa na kadi wakati wa kulipa kodi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) unaiingiza kwenye gharama za biashara na mambo yameisha. Kaandika kwa kujiamini kweli na watu wameisambaza, mimi imenifikia kwenye grupu la kina mama wa kikoba alafu tena kwenye la madereva ambalo mume wangu yumo. Shida ni kwamba robo ya aliyosema ni kweli, na hiyo robo ndo inafanya watu wameze na yale mengine bila kutafuna.

Mimi nasuka nywele Houston, mume wangu ana semi, lile lori kubwa la mizigo, yake mwenyewe, na mahesabu ya nyumba nzima nayafunga mimi. Leseni ya uhasibu sina, ila hizi fomu nazisoma mwenyewe mstari kwa mstari manake hela inayotoka ni yetu.

Kwanza tujue tunaongelea hela gani. IRS yenyewe haipokei kadi yako. Kuna kampuni binafsi zimeingia nayo mkataba, ndo zinapokea kadi, zinapeleka kodi yote kule na zenyewe zinakukata chao juu yake, kwa kadi ya mkopo ya mtu wa kawaida ni kama asilimia 1.75 kwenda karibu na 2 inategemea kampuni na mwaka, kadi za biashara zinakaribia 3, na kadi ya debit ni dola mbili na senti kidogo tu hata ulipe elfu kumi. Ukifungua stetimenti ya benki utaona mistari miwili, mmoja ni hela iliyoenda Hazina ya Marekani, kamili kama ulivyoijaza, alafu hapo chini kuna kamstari kadogo ka makato ya kampuni. Hako kamstari ndo ugomvi wote. Na Watanzania wenzangu tusichanganye na zile tozo za miamala za 2021, zile zilikuwa zinaingia serikalini, hii hapa IRS haipati hata senti, ni biashara ya watu.

Sasa robo ya kweli ni hii. IRS kwenye ukurasa wake wa malipo ya kadi imeandika kabisa kwamba makato ya kadi yanaweza kutolewa, yani kupunguzwa kwenye pato linalotozwa kodi, kwa kodi za biashara. Nadhani ndugu yetu aliisoma hiyo sentensi akakimbia nayo kabla hajafika mwisho. Kwa KODI ZA BIASHARA. Kazi yote iko kwenye kujua kodi ya biashara ni ipi, na hapo ndo watu wanapotelea.

Nitoe mfano wa semi manake huo uko wazi kuliko yote. Kila mwenye lori la kuanzia pauni 55,000 analipa ile kodi ya barabara kuu kwa fomu 2290, mwaka wake unaanza Julai mosi unaisha Juni 30, na kama lori lilitembea Julai basi mwisho wa kulipa ni Agosti 31. Inaanzia dola 100 inapanda mpaka 550 kwa lori la zaidi ya pauni 75,000, na semi nyingi ziko huko juu. Bila ile karatasi yenye mhuri wa IRS hupati hata usajili wa lori, kwa hiyo hakuna anayeikimbia. Hii kodi inadaiwa kwa sababu ya lori, lori ni biashara, na yenyewe inaingia Schedule C, ile fomu ya mapato na gharama za biashara ya aliyejiajiri, kwenye mstari wa kodi na leseni, imetajwa mpaka kwenye maelekezo ya fomu. Ukiilipa kwa kadi ya kawaida, 550 unakatwa dola 9 na senti sitini na kitu, na hiyo tisa inaifuata kodi yake palepale kwenye gharama za biashara. Hapo simpingi ndugu yetu hata kidogo, andika, weka risiti, lala usingizi.

Vilevile kodi ya mauzo unayopeleka serikali ya jimbo. Mimi nauza rasta na mafuta ya nywele hapo kwenye kibanda changu, wateja wananilipa kodi ya mauzo juu ya bei na mimi naipeleka jimboni. Nikiipeleka kwa kadi nikakatwa, hayo makato ni ya biashara kwa sababu kodi yenyewe nadaiwa kama muuzaji. Kwa wenye wafanyakazi, zile kodi za mishahara za kuweka kila mwezi IRS haizipokei kwa kadi kabisa, kwa hiyo hilo halitusumbui.

Tuje sasa kwenye ile kubwa ambayo ndo watu wote wanaiulizia, kodi ya makadirio, ile ya fomu 1040-ES unayolipa mara nne kwa mwaka, Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Ndani yake kuna vitu viwili vimefungwa pamoja, kodi yako ya mapato na ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ambayo ni Social Security (pensheni) 12.4 na Medicare (bima ya afya ya wazee) 2.9. Mtu wa Uber, mtu wa semi, msusi, fundi wa kupaka rangi nyumba, wote tunailipa. Na mtu anasema jamani hii si inatokana na biashara yangu? Bila biashara ningeilipa? Kwa nini makato yake yasiwe ya biashara?

Swali zuri, tena mi sioni kama ni ujinga. Lakini angalia anayedaiwa. Kodi ya 1040, ile fomu ya mtu binafsi ya kila mwaka, anadaiwa mtu, sio biashara. Ukiwa na mwenzi mkajaza pamoja mnadaiwa nyie wawili, mume wangu anadaiwa kodi ya nywele ninazosuka na mimi nadaiwa ya mizigo anayobeba. Schedule C hiyohiyo inayokubali kodi ya 2290 inakwambia usiweke kodi ya mapato ya serikali kuu wala kodi ya kujiajiri. Nusu ya kodi ya kujiajiri unaruhusiwa kuitoa, ndiyo, ila sehemu nyingine kabisa, Schedule 1 inayoambatana na 1040, sio kwenye gharama za biashara. Sasa kama kodi yenyewe imekataliwa kuingia mlango huo, mtoto wake wa makato anaingiaje?

Na historia yake nayo inasema kitu. Zamani IRS ilikuwa inakataa kabisa makato haya kwa watu binafsi. Mwaka 2009 ikabadilisha msimamo ikasema sawa, mtu anayelipa kodi yake ya mapato kwa kadi anaweza kutoa makato, lakini akiwa anaorodhesha matumizi yake, kwenye lile fungu la mengineyo, na ile sehemu inayozidi asilimia 2 ya pato lake tu. Yani mwenye pato la 50,000 matumizi yake ya fungu hilo yasipopita 1,000 hapati kitu. Ukiangalia hapo, walipoyakubali waliyaweka upande wa mtu binafsi. Alafu sheria ya kodi iliyosainiwa Desemba 2017 ikalifungia hilo fungu kuanzia mwaka 2018 mpaka 2025, na watu wengi, hasa hawa wanaosambaza video, walikuwa wanasema subirini 2026 linarudi. Halirudi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imelifunga moja kwa moja. Kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida anayelipa deni la kodi kwa kadi hana pa kuyaweka hayo makato, na nina wasiwasi ndo maana watu wanatafuta dirisha la Schedule C.

Nisiwe mchoyo, upande wa pili nao una hoja, na wahasibu wengine wenye leseni wanaishikilia. Wanasema kuna uamuzi wa IRS wa mwaka 1992, namba 92-29, uliosema ada unayomlipa mtu wa kukuandalia ritani, yani fomu zako za kodi za mwaka, ile sehemu inayohusu biashara yako inaingia Schedule C hata kama ritani yenyewe ni ya kwako binafsi. Basi wanasema kama kuandaliwa ritani kunagawanywa, makato ya kulipia nayo yagawanywe, sehemu ya kodi iliyotokana na biashara iende kwenye biashara. Ina miguu hiyo hoja, sikatai. Ila huo uamuzi unaongelea kuandaa ritani na kushughulikia madai ya kodi, haujataja kulipa kwa kadi, na upande mwingine kanuni za Hazina kuhusu riba zimeshasema riba ya deni la kodi ya mapato ya mtu binafsi ni ya binafsi hata kama pato lilitoka kwenye biashara. Mimi nikiweka hivi viwili kwenye mizani naona ule wa riba unafanana zaidi na makato ya kadi. Mhasibu wako mwenye leseni akikwambia anagawanya na yuko tayari kusaini, sawa, huyo anajua anachokibeba. Lakini hata huyo atakwambia GAWANYA, hatakwambia weka yote. Mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa ghala usiku na Uber wikiendi, kodi anayolipa kwa kadi nusu yake haina uhusiano wowote na Uber, ndugu yetu wa Dallas anataka aiingize yote kwenye Uber. Hiyo hakuna hoja inayoibeba.

Na hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri, manake tunabishana mlango wa kutokea wakati hakuna aliyelazimishwa kuingia. Tuseme unalipa 4,000 kila robo ya mwaka. Kwa asilimia 1.75 unakatwa 70, mara nne 280 kwa mwaka. Haya, tuseme tumekubaliana na ndugu yetu, tumeiweka yote 280 kwenye gharama. Kwa mtu wa kipato cha kawaida aliyejiajiri, ukijumlisha kodi ya mapato na ya kujiajiri unaokoa kama robo ya hiyo, dola 70. Dola 210 zimekwenda na hazirudi. Wakati huohuo IRS ina Direct Pay, unaingiza namba ya akaunti ya benki, hela inatoka, makato sifuri, unapata namba ya uthibitisho unaihifadhi. Sifuri! Kutoa kwenye kodi maana yake sio kurudishiwa, unarudishiwa kipande tu, na hili naliona kila siku kwenye magrupu mtu anasema "nunua tu si unai-write off", kama vile serikali ndo inalipa bili.

Watu wa kukusanya pointi za kadi nao najua watakuja juu. Kadi inayokurudishia asilimia 2 ukilipa 4,000 unapata 80, ukitoa makato ya 70 umebaki na faida ya dola 10. Ni kweli, faida ipo, na ukiwa na kadi mpya yenye bonasi ya kufikisha matumizi fulani inaweza kuwa kubwa zaidi, kuna wanaofanya hivo kwa akili na sina ugomvi nao, IRS yenyewe inaruhusu malipo ya 1040-ES kwa kadi mara mbili kwa kila robo. Ila hiyo ni kama unailipa kadi yote mwezi uleule. Ukiacha deni likalala mwezi mmoja kwenye riba ya asilimia 22 kwa mwaka, hiyo 4,070 inazaa kama dola 75, pointi zote kwisha habari. Na hiyo riba usije ukajidanganya kuiweka kwenye biashara, umekopa kulipa kodi yako binafsi.

Kwa asiyekuwa na hela kabisa, huyu ndo namwonea huruma zaidi, anaweka kadi kwa sababu anaogopa barua za IRS. Kaka, dada, IRS inakupa mpango wa kulipa ndani ya siku 180 bila ada ya kuufungua, unaomba onlaini. Riba yake mwaka 2025 ilikuwa asilimia 7 kwa mwaka na faini ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, ukijumlisha ni kama 13 kwa mwaka. Linganisha na 22 ya kadi pamoja na makato ya mwanzo. Cha muhimu ritani uipeleke kwa wakati hata kama huna hela, manake faini ya kutopeleka ndo kali, asilimia 5 kwa mwezi.

Alafu kuna makato mengine ya kadi ambayo ni ya biashara asilimia mia moja na hayo watu wanayaacha chini! Makato unayokatwa wewe ukipokea hela ya mteja. Mteja wangu akilipa msuko wa knotless wa dola 200 kwenye mashine ya kadi, inaingia 194 na kitu, hiyo tano na kitu imechukuliwa na kampuni ya mashine. Hiyo ni gharama yangu, hakuna ubishi. Mwisho wa mwaka wanaleta 1099-K, fomu ya hela uliyolipwa kwa kadi au kwa app, na namba iliyopo pale ni jumla kabla ya kukatwa, sio ile iliyoingia benki. Siku hizi app za malipo na kampuni kama Uber ni lazima ziitume ukipita 20,000 na miamala 200, kwa malipo ya kadi hakuna kiwango cha chini, ila hata usipoipata pato unatakiwa kuandika. Sasa kuna wanaoandika namba ya 1099-K kama pato na makato wanayasahau, wanalipia kodi hela ambayo hawakuiona. Na kuna wengine kinyume chake, wanaandika ile iliyoingia benki alafu wanatoa na makato tena, hiyo ni kutoa mara mbili.

Kwa watu wa Uber ndo balaa. Ile 1099-K yao inaonyesha alicholipa abiria chote, pamoja na sehemu ya kampuni ambayo dereva haioni hata kwa macho. Tuseme abiria walilipa 60,000 kwa mwaka, kampuni ikachukua 18,000, benki ikaingia 42,000. Fomu inasema 60,000. Hiyo 18,000 inabidi uiandike mwenyewe kwenye mstari wa komisheni na ada, mstari wa 10, na namba zake ziko kwenye muhtasari wa mwaka wanaokuwekea kwenye akaunti yako. Nimeona ritani ya kijana mmoja hapa kwetu huo mstari uko mtupu, mweupe pe, na alikuwa ananiulizia makato ya kadi ya dola 40 alizolipia IRS! Nilimwambia funga hiyo, tufungue hii. Ritani ya zamani unaweza kuirekebisha kwa fomu ya marekebisho, 1040-X, ndani ya miaka mitatu tangu ulipoipeleka, na yeye ndo anafanya hivo saa hizi.

Aliyemjazia ni mmoja wa hawa watu wetu wa kodi wa sebuleni, simtaji, hata hakusaini. Anayekuandalia ritani kwa malipo lazima awe na namba ya PTIN, ile IRS inayowapa waandaaji wa ritani, na asaini, akikwambia "sema umejaza mwenyewe" kimbia. Mimi mmoja aliwahi kuniambia kuhusu haya makato ya kadi, "dada weka tu, hela ndogo hii nani ataiona". Labda ni kweli hakuna atakayeiona. Lakini mtu anayekwambia weka tu kwenye dola 280 ndo huyohuyo atakayekuwekea gari la familia asilimia mia kwenye biashara, na siku IRS ikiuliza jina lililo kwenye ritani ni lako, la kwake halipo.

Kwa hiyo ndugu yetu wa Dallas, kwenye 2290 uko sahihi, kwenye kodi ya mauzo uko sahihi, kwenye 1040-ES naomba ututajie humuhumu gazetini ni mstari gani na maelekezo gani yanayosema uweke yote. Ukiyaleta nitayasoma. Na Mhariri, kama mnamfahamu mhasibu mwenye leseni anayeongea Kiswahili mpeni ukurasa mzima kabla ya Aprili 15, ila mwambieni aanze na 1099-K za madereva, makato ya kadi ya IRS ayaweke huko mwishoni ikibaki nafasi.

Msusi na mke wa dereva,
Houston, Texas